Mistari Iliyokomea Nusu

Jumapili saa kumi alasiri Gisèle alirudi maabara kwao Bukavu, akakuta mashine yake ya umeme haipo. Mlango haukuvunjwa. Ijumaa alitakiwa kutetea thèse yake, tasnifu ya udaktari, na bila mashine ile hakuwa na la kuonyesha. Inspekta Mapendo alipofika, saa kumi na moja, polisi walikwisha kumtia pingu mlinzi, mzee Bisimwa.

"Tangu saa nane ni yeye alikuwa kwa mulango," alisema Élie, fundi wa maabara, aliyelinda asubuhi. "Wakati namupatia funguo, mashine ilikuwa inawaka. Nimeiona na macho yangu."

"Miye sikuingia mule ndani, maman," Bisimwa alisema polepole. "Hata kidogo."

Mapendo aligeukia meza. Kilikuwa kimebaki kipande cha kioo chenye doa jeupe lililokauka.

"Hii ni nini?"

"Tone la maji yenye chembe ndogo sana," Gisèle alieleza. "Umeme wa mashine ukipita, chembe zinajipanga zenyewe kama shanga za rozari. Umeme ukizimika, zinatawanyika. Zile tu zilizokwisha kukauka hazisogei tena. Nililiweka saa tatu, nikaenda misa. Linakauka toka pembeni kwenda katikati, masaa sita."

Mapendo akainamia hadubini. Ukingoni mistari ilinyooka kama matuta ya maharagwe. Kisha, ghafla, vurugu tupu.

"Mistari imefika wapi?"

Gisèle akapima, akafungua daftari lake la majaribio. Uso ukambadilika. "Hapa kukauka kunafika baada ya masaa matatu. Mashine ilizimwa saa sita."

"Courant ya umeme haikukatika?"

"Apana. Hiyo saa ya umeme ya ukutani inarudi sifuri kila inapokatika. Ona, iko sawa."

Mapendo akamtazama fundi. "Papa Élie, saa sita funguo zilikuwa kwa nani? Na saa nane uliona mashine gani inawaka?"

Élie akajitupa kitini. "Ile mashine niliitengeneza miye, na hii mikono. Miezi saba. Nikasoma thèse yake: jina langu haliko, hata chini ya ukurasa. Nilitaka vendredi, siku ya kutetea, asimame mbele ya watu mikono mitupu."

"Ni kweli," Gisèle akanong'ona. "Sikuliandika."

"Ulikosewa," Mapendo akasema huku akifungua pingu za mzee. "Lakini Papa Bisimwa, yeye alikukosea nini?"

Élie akatoa ufunguo wa nyumba yake, akauweka mezani.

Mashine ilipatikana nyumbani kwake Kadutu, imefunikwa blanketi. Ijumaa, kabla ya kusema lolote jingine, Gisèle alitaja jina la aliyeitengeneza. Mwenyewe hakuwepo kusikia. Bisimwa alikuwepo, mstari wa nyuma, kofia magotini.