Maji ya Sabuni

Siku ya soko Machakos mtu hatembei, anasukumwa. Katunge alisukumwa hivyo tangu marikiti hadi ndani ya duka la spea, amekumbatia taa ya mbele ya gari kuukuu, kutu imeshachafua gauni la kijani alilolipiga pasi asubuhi. Alikuwa na miaka thelathini, aliuza dawa za mifugo katika agroveti moja mjini, na wateja wake walimjua kwa viatu vyeupe visivyoshika tope na ulimi usiomwogopa mtu.

"Boss, uko na taa kama hii?"

Muuzaji aliigeuza, akacheka. "Madam, hii peleka makumbusho. Hata mwenye aliitengeneza ashakufa."

Duka zima likacheka, isipokuwa mwanamume mmoja mrefu aliyesimama nyuma ya Katunge, amevaa ovaroli ya buluu, mikono myeusi kwa grisi.

"Hiyo ni ya Peugeot 404," akasema. "Ukiipatia kioo itaishi kukushinda."

"Na wewe ni nani? Daktari wa taa?"

"Daktari wa gari nzima. Naitwa Nzomo. Niko na gereji pale chini."

Katunge alimtazama kuanzia buti hadi nywele, bila haraka, kama anavyotazama ng'ombe wa mteja. Alichokiona kilimpendeza, na kwa kuwa kilimpendeza akakunja uso.

"Ni pikapu," akasema. "Ilikuwa ya baba. Imekaa nyumbani miaka kumi na moja, kuku wanataga ndani. Nataka bodi ya baba ibaki vile iko, lakini kila kitu cha kwenda na cha kusimama kiwe kipya. Injini ya kisasa, giaboksi, stelingi, breki." Akainamisha macho. "Zaidi breki."

"Inawezekana. Nipe namba."

"Ya gari?"

"Yako. Ya gari nitajisomea."

Akampa. Jioni simu ililia kabla hajavua viatu, na waliongea kuhusu taa kwa dakika mbili na kuhusu mambo mengine kwa saa nzima.

Jumamosi pikapu ikaletwa juu ya lori la kuvuta magari. Nzomo aliitambua kabla haijashushwa. Alitambua rangi ya krimu, akatambua namba, akatambua na mlango uliofungwa kwa waya.

"Baba yako," akauliza, "alikuwa Mzee Musili wa Mitaboni?"

"Aiya, ulimjua?"

"Nilimsikia tu."

Huo ndio uongo wa kwanza. Nitaeleza kila kitu hapa hapa, maana siwapendi wasimulizi wanaomficha msomaji jambo ambalo mhusika analijua. Miaka kumi na moja nyuma, Nzomo alikuwa fundi mchanga sokoni Mitaboni, miaka ishirini na mitatu, hana hata jeki yake mwenyewe. Mzee Musili alikuja na pikapu hii imejaa maembe, mafuta ya breki yamevuja yote, na sokoni siku hiyo hapakuwa na duka lenye mafuta hayo. Nzomo akafanya walivyofanya mafundi wengi wa kando ya barabara. Alikoroga sabuni ya kipande kwenye maji, akamimina mahali pa mafuta, akapampu hadi breki zikashika. Maji ya sabuni hufikisha gari nyumbani. Zaidi ya hapo ni hatari, kwa sababu kwenye mteremko mrefu breki hupata moto, maji yakachemka, na mguu ukakanyaga hewa.

Mzee alikuwa hotelini akinywa chai. Nzomo akaacha maneno kwa mke wa mzee, Kavutha, aliyekuwa ameketi ndani ya gari: "Mama, mwambie arudi kesho niyatoe haya maji." Mzee hakurudi. Nzomo aliiona pikapu ikipita mara mbili, na mara zote mbili akanyamaza, kwani fundi mchanga angemsimamisha vipi mzee wa kanisa barabarani ili kumkanya? Wiki ya tatu, kwenye mteremko mmoja wa njia ya Kathiani, pikapu ilitoka barabarani na usukani ukamvunja Mzee Musili kifua. Watu walisema gari lilikuwa kuukuu. Nzomo alisimama nyuma kabisa mazikoni, na mwezi uliofuata akahama Mitaboni.

Angeweza kumwambia Katunge siku ile ile, pikapu ikiwa bado juu ya lori. Hakumwambia. Alijidanganya kwamba ataitengeneza kwanza, vizuri kuliko gari lolote alilowahi kutengeneza, halafu ndipo atasema.

Akaitengeneza kweli. Alinyoosha bodi kwa nyundo na subira. Alinunua van ya Kijapani iliyokuwa imegongwa nyuma, akatoa injini, giaboksi na difu, akakata na kuchomelea vishikio hadi injini ile ya kisasa ikakaa chini ya boneti ya zamani bila kugusa ukingo. Stelingi iliyomtoa mzee jasho sasa iligeuka kwa kidole. Kila Jumapili baada ya misa Katunge alifika na nguo zake za kanisani na bakuli la muthokoi wa mahindi na maharagwe lililofungwa kwa kitambaa, akaketi juu ya tairi, akaanza uchokozi.

"Fundi, hii gari unaitengeneza ama unaichumbia?"

"Namchumbia mwenyewe kupitia gari."

"Kula kwanza. Mwanaume mwembamba hivi, mama atasema nimeokota waya."

"Waya ndiyo inabeba moto, Katu."

"Nyamaza, utapaliwa."

Akampangusa grisi shavuni kwa kitambaa cha bakuli, mkono ukachelewa pale, na Nzomo akaushika. Walipendana. Sitalipamba jambo hilo. Nzomo alimpenda hata akawa akisikia viatu vyake kwenye kokoto anasahau spana iko mkono gani, na Katunge, aliyekuwa amezoea kulala na redio ikiwaka, sasa alilala na sauti yake kwenye simu.

Mwezi wa saba wa kazi hiyo kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa breki. Diski zilikuwa zimeletwa, zimo kwenye kabati, zimefungwa kwa gazeti. Nzomo alimwambia Katunge hazijafika. Ili kuzifunga ilibidi kwanza atoe ile masta silinda ya zamani, kile kichupa cha chuma alichokimiminia sabuni kwa mkono wake, na kila alipoinama hapo vidole vilikataa.

Katunge naye alikuwa na hesabu nyingine. Mkamba hasemi ana mke mpaka mbuzi wa ntheo, wale wa posa, wafike kwa wazazi wa msichana, na Nzomo, aliyesema nakupenda asubuhi na jioni, alikuwa hajakanyaga Mitaboni. Kila alipoalikwa alipata mteja wa ghafla. Siku moja Katunge alimpigia simu kutoka agroveti.

"Mama ameuliza tena. Nimwambie nini?"

"Mwambie gari haijaisha, switi. Nataka tuingie nayo."

"Gari inaenda lakini haiwezi kusimama. Wewe umesimama lakini huwezi kwenda. Nzomo, uko na bibi mahali?"

"Sina! Kwani unanionaje?"

"Nakuona kama mtu anaficha kitu. Niambie ni nini, hata kama ni watoto watano. Nitalia, halafu tutaendelea."

Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote alizowahi kupewa.

"Hakuna kitu, Katu," akasema.

Alhamisi Katunge aliomba ruhusa kazini, akaenda gereji bila kupiga simu, moyo ukimwambia atamkuta mwanamke. Alimkuta Nzomo peke yake mezani, amekaa mbele ya kichupa cha chuma kilicholiwa na kutu, uso umelowa.

"Unalilia chuma?"

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nzomo akasema yote, akiangalia meza: sabuni, maembe, mzee hotelini.

"Niliacha maneno arudi kesho."

"Uliacha kwa nani?"

Nzomo alifunika kichupa kwa kiganja. "Kwa watu tu wa pale sokoni. Halafu nikaiona ikipita, mara mbili. Nikaogopa kumsimamisha."

Katunge hakupiga kelele. Alishika ukingo wa pikapu, mahali ambapo baba yake alizoea kumpandisha akiwa mdogo, akaegemea hapo.

"Mimi nilikuwa nakuletea chakula," akasema. "Miezi saba. Umeketi hapo unakula, na unajua."

"Katu..."

"Usiniite hivyo."

Akaenda. Simu za Nzomo hazikupokelewa siku hiyo, wala wiki hiyo, wala iliyofuata. Gauni la kijani likakaa msumarini. Kwa wateja Katunge alikuwa mpole, na hilo liliwatisha kuliko ulimi wake.

Jumapili ya tatu alikuwa nyumbani Mitaboni, anapukuchua mbaazi na mama yake uani. Kavutha alikuwa amekonda tangu afiwe, na hakutaka kamwe pikapu ile itajwe mbele yake. Katunge alidhani ni uchungu wa mjane.

"Yule fundi wako amepotea," Kavutha alisema.

"Nimemwacha, mwaitu. Ndiye aliweka maji ya sabuni kwa breki za baba. Yeye ndiye alimuua."

Mikono ya Kavutha ilisimama ndani ya ungo.

"Amekuambia hivyo? Hakusema aliacha maneno?"

"Alisema. Kwa watu wa sokoni."

"Aliniachia mimi."

Kuku mmoja alisogea, akadonoa mbaazi, na hakuna aliyemfukuza.

"Nilikuwa nimekaa ndani ya gari," Kavutha alisema. "Akakuja dirishani, kijana mwembamba, akaniambia mara mbili, mama, usisahau. Sikusahau, mwana wakwa. Mimi na baba yako tulikuwa tumenuniana. Alikuwa amempa ndugu yake shamba langu la mtoni bila kuniuliza. Nikasema moyoni, siku ataniongelesha kwanza, nitamwambia. Nilikuwa nampikia, namwekea maji ya kuoga, siongei. Na yeye haongei. Wiki tatu, Katunge. Asubuhi hiyo alitoka bila kuaga, na mimi nikamwangalia kwa dirisha akiwasha gari."

Kavutha alikuwa analia bila sauti, kama mtu aliyelifanya jambo hilo kila siku kwa miaka mingi. Hatimaye Katunge akausogeza ungo, akamshika mama yake kichwa, akakilaza kwenye mapaja yake, na wakabaki hivyo mpaka mbuzi walipoanza kulilia maji.

Jumatatu alimtumia Nzomo ujumbe wa maneno matano: *Funga breki. Nakuja Ijumaa kuchukua.*

Nzomo alizifunga kwa siku nne. Alibadilisha kila paipu, akaweka masta silinda mpya na diski za mbele, akamimina mafuta mapya, akatoa hewa, akarudia. Ijumaa asubuhi alioga, akavaa shati jeupe. Alikuwa na matumaini, maskini.

Katunge alifika na suruali ya jinsi na sweta. Hakuketi juu ya tairi. Aliingia garini, akaizungusha uwanjani, akakanyaga breki, gari likasimama pale pale. Akarudia mara ya pili na ya tatu. Kisha akashuka, akamkabili.

"Mama ameniambia. Hakupeleka yale maneno. Walikuwa hawaongeleshani." Aliweka mkono juu ya boneti. "Baba hakukupuuza, Nzomo. Hakujua. Si wewe ulimuua. Nimekuja kukuambia hiyo kwa mdomo wangu, kwa sababu najua umeibeba."

Nzomo alijishika uso kwa mikono yote miwili. Miaka kumi na moja ilimtoka mabegani, akalia kama mtoto mbele ya mwanamke anayempenda, na hakuona aibu.

"Basi nikuje nyumbani," akasema alipoweza. "Katu, nilete mbuzi. Nimwangukie mama. Tuanze upya."

"Hapana."

"Umesema si mimi..."

"Nilikuuliza uliacha maneno kwa nani. Ukanidanganya."

"Nilikuwa namfichia mama yako! Singetaka umchukie."

"Najua. Hiyo ndiyo inaniogopesha." Machozi yalimtoka naye sasa, akayaacha. "Wewe ukimpenda mtu, unamficha. Nilikuomba kwa simu uniambie, nikakuambia tutaendelea hata kama ni watoto watano. Ukasema hakuna kitu. Siku daktari akikuambia uko na ugonjwa, utaniambia? Siku mtoto wetu akiwa na shida, utaniambia, ama utasema diski hazijafika?"

"Nitabadilika."

"Baba na mama waliishi nyumba moja na neno moja katikati yao, hawalisemi. Na unajua vile iliisha."

"Na mama? Yeye alinyamaza miaka kumi na moja. Umemsamehe."

"Mama sikumchagua," Katunge alisema. "Wewe nilikuchagua."

Wapo watakaosema Katunge alikuwa mkali mno, na huenda ni kweli. Mimi mwenyewe nimemlaumu mara kadhaa. Lakini hakuna kati yetu aliyekaa kwenye ile meza ya familia, wiki tatu, bila neno.

Katunge alisogea, akamshika Nzomo kola ya shati jeupe, akainyoosha, akaweka paji la uso wake kifuani mwake. Walisimama hivyo. Kisha akaingia garini, akafunga mlango, ambao sasa ulifunga vizuri, akawasha injini. Haikunguruma kama ya baba yake. Ilitoa sauti ndogo, ya adabu.

"Nakupenda, fundi," akasema dirishani. "Usinipigie."

Nzomo alitoka hadi barabarani. Aliliona gari likishuka polepole kuelekea njia panda, rangi ya krimu ikimetameta juani. Chini pale taa nyekundu za nyuma zikawaka, na pikapu ikasimama kabisa.

Alianza kukimbia.

Kumbe ilikuwa inapisha bodaboda iliyokatiza. Ilipopita, taa nyekundu zikazima, na Katunge akashika njia ya Kathiani.