Sensa Isiyo na Alama

Haya alinisimulia mjukuu wangu wiki iliyopita, tumekaa mkekani tunachambua mchele. Upande wa mwanamume nimeupata kwa mwanamume mwenyewe, nilimkalisha nikamhoji.

Mjukuu wangu anafundisha udereva. Ana gari dogo la mtumba lililotoka ng'ambo, na gari hilo ndilo jembe lake. Basi likashikwa na ugonjwa. Likipata joto linazimika katikati ya njia panda, mwanafunzi ameng'ang'ania usukani, nyuma honi tupu. Likipoa linawaka kama si lile.

Fundi akainama, akasema, "Sensa ya krenki imekufa. Ni kile kidude kinachoiambia injini lini iwashe moto."

Mpya ilikuwa bei ya kumkalisha mtu chini. Akaelekezwa mtaa wa spea za mtumba, ambako milango ya magari inaning'inia kama nguo kwenye kamba na oili imeingia mpaka ukutani. Alivaa blauzi ya buluu iliyopigwa pasi na viatu vyeupe.

"Dada, kwa viatu hivyo umepotea," muuzaji mmoja akamwambia. "Huku hata paka ni mweusi kwa oili."

"Nimekuja kununua sensa, sikuja kuuza viatu."

Muuzaji akacheka. Pale mtaani wanamwita Mpole, kwa kuwa hajawahi kupaza sauti. Alipokea sensa ya zamani, akaifuta, akasoma namba zilizochongwa ubavuni.

"Magari kama lako yana sensa aina mbili, zinafanana kama pacha. Ukinunua kwa sura umeliwa. Sisi tunanunua kwa namba." Akachakura boksini, akatoa moja. "Hii hapa. Imetoka kwenye gari lililokatwa injini ikiwa nzima."

"Nitajuaje?"

"Ikigoma, irudishe ndani ya siku saba. Lakini iwe na alama yangu."

Ndiyo desturi yao. Kila duka lina alama yake, kwa sababu wapo wajanja wanaonunua kizima wakarudisha kibovu chao cha zamani. Alama ya Mpole ni msalaba mdogo. Akauchora pale pale, macho yakiwa kwa mteja, akaandika na namba yake ya simu kwenye karatasi ya kufungia, kisha akamuuliza kazi yake na kuchukua namba yake pia.

Fundi akaifunga sensa, na jioni simu ya mjukuu wangu ikalia, ni Mpole.

"Mwalimu, mgonjwa anaendeleaje?"

"Yupi, gari au mimi?"

"Gari nimeshalitibu. Nakuuliza wewe."

"Mimi sina ugonjwa."

"Basi niambukize huo uzima."

Siku tano simu hazikupoa. Asubuhi "umeamkaje kipenzi", mchana "umekula?" Nilikuwa namsikia anacheka peke yake bafuni.

Siku ya sita gari likazimika tena, kwenye mzunguko. Mwanafunzi, mama mtu mzima, akafungua mlango, akashuka, akaenda zake nyumbani kwa miguu. Mjukuu wangu akamwambia fundi aing'oe ile sensa, akaenda nayo dukani. Ilikuwa Jumamosi, watu wamejaa.

"Mpenzi, kulikoni?"

"Sensa yako imekufa."

Mpole akaigeuza. Akaigeuza tena. Msalaba hakuna. Mwezi huo alikuwa ameshadanganywa hivyo mara mbili.

"Hii si yangu," akasema polepole. "Yangu umeipeleka wapi?"

"Unasemaje?"

"Haina alama."

"Kwa hiyo mimi mwizi?"

Mpole akanyamaza. Na kunyamaza, wanangu, ni jibu.

"Mpole, mapenzi yatakufungisha duka!" muuzaji wa duka la jirani akapiga kelele, mtaa mzima ukacheka. Mjukuu wangu akaiacha sensa juu ya kaunta, akaondoka. Namba ya Mpole akaifungia.

Wiki mbili zikapita. Binti kanuna, gari limerudishiwa sensa ya zamani, kila siku ni kungoja lipoe. Huko dukani Mpole naye hali vizuri. Siku moja yule jirani akaja.

"Nirudishie kalamu yangu."

"Kalamu gani?"

"Ya kuandikia maboksi! Uliiazima rangi yako ya alama ilipokauka, siku ya yule dada wa viatu vyeupe. Ulikuwa unamkodolea macho, hata kifuniko hukuokota."

Mpole akasimama. Akaitafuta kalamu, akachora msalaba kwenye chuma, akachovya kitambaa kwenye petroli, akafuta. Chuma kikawa cheupe. Na hakuna fundi anayefunga spea ya mtumba bila kuiosha kwa petroli. Rangi ya mafuta ingebaki, wino umekwenda. Kisha akafunga duka mchana kweupe, akachukua mita ya kupimia umeme na ile sensa.

Alimkuta kwenye uwanja wa mazoezi, ameegemea gari lililozimika.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa mwizi?"

Akaeleza yote. Mjukuu wangu kafunga mikono kifuani.

"Kwa hiyo sensa ni yako, na ni mbovu."

"Nimeipima, ni nzima. Nipe dakika kumi."

Akainama, akafuata waya wa sensa kwa kidole mpaka ulipopita nyuma ya bomba la moshi. Hapo ganda lake lilikuwa limeyeyuka; fundi alipofunga sensa alikuwa ameusogeza bila kujua, siku ya sita ukarudi. Injini ikipata joto, waya unagusa chuma. Akauzungushia utepe, akaufunga mbali na bomba, akafunga ile sensa aliyokuja nayo. Gari likanguruma saa nzima bila kuzimika.

"Ina maana hata ile ya kwanza haikuwa imekufa?"

"Haikuwa imekufa."

"Nimehangaika bure!"

"Bure, na mimi niko hapa?"

Alitaka kucheka, akajizuia. "Gari limepona. Mimi bado. Ulinivunjia heshima kwenye kaunta, watu wanasikia. Neno linaokotwa pale lilipoangukia."

Kesho yake, Jumamosi, mjukuu wangu akaenda dukani, na Mpole akapanda juu ya kreti mbele ya duka. "Jamani, huyu dada..."

"Paza sauti, huku hatusikii!" jirani akadakia.

"Huyu dada ni mkweli! Mkosaji ni mimi!" Na kwa kuwa sauti ilikuwa imeshatoka, akaendelea nayo: "Akinikubali, nataka kumuoa!"

Mtaa ukapiga mabati. Mjukuu wangu akafunika uso kwa mtandio.

"Shuka, utavunjika."

"Nijibu kwanza."

"Nenda kwa bibi. Mimi siposwi juu ya kreti."

Akaja na mjomba wake, jua halijazama. Nikamuuliza, "Utamwita mwizi tena?"

"Bibi, hata akiniibia nitanyamaza."

"Hapo ndipo unapokosea. Kunyamaza kwako ndiko kulikomuumiza. Ukiwa na shaka, uliza. Ukijua ukweli, useme."

Akainamisha kichwa. "Nitasema, Bibi."

Nikamwambia mjomba wake walete barua ya posa.

Walipoondoka, mjukuu wangu akaja kujilaza kitandani kwangu, ananieleza gauni analolitaka, mikono mirefu, kitambaa kisichobana. Alipofika kwenye kola, usingizi ukamchukua. Nikamvua viatu, nikageukia ukutani, nami nikalala.