Mahindi ya Mumba, Haragi ya Kunda

Wewe unayesoma, nikuulize: ukiambiwa uchague kati ya watu wawili, na wote wawili huwapendi, utakwenda au utabaki nyumbani?

Simone alijiuliza hivyo mwaka 1961, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo. Alikaa katika mji unaoitwa leo Lubumbashi, katika komine, yaani mtaa, iitwayo Kenya, pamoja na mume wake Symphorien na mtoto wao Brigitte, wa miezi minane. Walikuwa watu wa Kasai. Mwaka ule watu wa Kasai walifukuzwa na kupigwa. Majirani wengi walikuwa wamekimbilia kwenye mahema ya wakimbizi. Nyumba zao zilibaki tupu, milango ikigongagonga kwa upepo.

Avenue yao, barabara ya nyumba zao, ilikuwa na robine moja tu, bomba la maji la watu wote. Maji yalitoka alfajiri, kisha yakakatika. Robine ilifungwa kwa kufuli, na aliyeshika ufunguo ndiye aliyepanga mstari. Mtu huyo alihama. Watu wakapatana wachague mwingine, Jumapili, baada ya misa.

Wawili walijitoa. Wa kwanza aliitwa Mumba. Alisema wazi kwamba watoto wa hapa watachota kwanza. Watu wa Kasai watachota yakibaki, na yasipobaki, waende kwenye mahema. Wa pili aliitwa Kunda. Huyu hakuwa na ubaya, lakini usingizi ulimpenda. Siku moja aliazimwa ule ufunguo. Akausahau mfukoni, akaenda nao shambani kwake Kasungami. Siku ile avenue nzima haikupika bukari, ule ugali wa kila siku.

Wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo mama Agnès, mkubwa wa kwaya, muuza samaki wakavu wa Pweto, akasema wachague kama wanavyochagua kwenye kwaya. Kila mtu atapewa punje mbili: moja ya mahindi, moja ya haragi, yaani haragwe. Mahindi ni Mumba. Haragi ni Kunda. Nyuma ya pazia kutakuwa na nyungu mbili. Punje ya mtu unayemtaka unaitia katika nyungu nyekundu. Ile nyingine unaitupa katika nyungu nyeusi.

Jumamosi Simone alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya nyumba. Mumba akasimama kwenye mlango wa lupango, ule ua wao, fimbo mkononi.

"Jambo, mama Brigitte."

"Jambo, ba Mumba."

"Kesho usitupe haragi mu nyungu nyeusi. Utaniletea hapa, mu mukono. Nisipoiona, nitajua ulinikatala. Na mulango yenu naijua."

Akaenda. Mchi ulikuwa umesimama hewani. Simone hakuweza kuushusha.

Symphorien alitoka ndani polepole. "Hatuendi," akasema. "Tutafunga mulango. Mutu asituone."

"Na maji?"

"Mumba ni mubaya. Kunda ni mulevi wa usingizi. Tuchague nini? Hatuendi! Maji ikikosa, tutaenda ku mahema kama bajirani."

Kulikuwa na neno moyoni mwa Simone, lakini alilimeza. Akambeba Brigitte mgongoni, akaenda kwa mama Agnès. Alimkuta anapanga samaki juu ya kitambaa, wakubwa huku, wadogo huku.

"Yaya, dada yangu, sisi tutabakia ku nyumba. Tutajificha."

"Kujificha?" Agnès akacheka kidogo. "Kesho Mumba atasimama pale, atahesabu nani hakukuya. Mutu mwenye kubakia, njo ule anaonekana. Mwenye kuingia nyuma ya pazia, nani anamuona?"

"Lakini anataka haragi!"

"Mu nyumba yako haragi hazimo?"

Simone akakumbuka kikapu chake cha nyumbani. Kilikuwa na haragi, nusu.

"Kamata moja, funga mu ncha ya kitambaa. Ile ya kura, itie unapotaka. Ile ya nyumba, umupe Mumba. Kura ni siri yako. Hana haki ya kukuuliza."

"Na kama simupende hata mumoja?"

"Basi tupa zote mbili mu nyungu nyeusi. Nayo tutaihesabu, bantu bajue kama kuko wenye hawakupenda mutu. Ile pia ni kusema. Lakini Simone, hatuko tunatafuta bwana ya kuoa! Usijiulize nani unamupenda. Jiulize hivi: asubui mwenye funguo akikosa, nani unaweza kumuambia 'ba fulani, unakosa', na urudie ku nyumba muzima?"

Jumapili ilifika. Risasi zililia mbali, upande wa stesheni. Simone alivaa kitambaa chake cha bluu, punje imefungwa kwenye ncha. Symphorien alitazama kufuli ya mlango, akamtazama mke wake. Halafu akavaa viatu.

Nyuma ya pazia, Simone alishika haragi ya kura. Aliitia katika nyungu nyekundu. Mahindi akayatupa katika nyeusi. Alipotoka, Mumba alinyoosha mkono. Simone akafungua ncha, akampa haragi ya nyumbani. Mumba akaitia mfukoni, akatabasamu. Mfuko wake ulikuwa umejaa.

Wakamwaga nyungu nyekundu juu ya mkeka. Haragi hamsini na mbili. Mahindi kumi na tisa. Katika nyeusi mahindi yalikuwa hamsini na nane, sita zaidi ya haragi za nyekundu: basi watu sita walitupa punje zote mbili, na Agnès aliwataja hao pia.

Mumba alishika mfuko wake. "Lakini haragi balinipa!"

"Pika, baba!" mama mmoja akapaza sauti. "Tia na chumvi!"

Watu wakacheka, na woga ukapungua kidogo. Hata Mumba hakuweza kuipiga avenue nzima. Hakujua aanze kwa nani. Akaenda zake.

Kunda alipokea ufunguo, akapiga miayo. "Nani iko na neno?"

Symphorien alimvuta Simone nguo ili asiseme. Lakini Simone aliinua mkono.

"Ba Kunda, unalalaka sana. Funguo ikuwe mu nyumba ya mama Agnès. Ukichelewa, yee afungue."

Kunda akajikuna kichwa. "Ni kweli," akasema. "Iko vile." Na tangu siku ile robine ilifunguliwa kila alfajiri, na kila mtu alichota kwa zamu yake.

Lakini Jumapili ile, baada ya kumwambia Kunda, Simone hakuwa amekaa chini. Alimgeukia mume wake, mbele ya watu.

"Na weye, Symphorien, neno hili nililimeza tangu bajirani balianza kuenda. Miye sitaki mahema. Nataka kubakia hapa."