Ukurasa Uliofunguka Mweupe

Kila alipotoka shuleni, Gabriella alichota ndoo mbili za maji, akafagia uwanja wa nyumba yao, kisha akaenda mbio kwenye darasa la kompyuta lililokuwa karibu na soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Mama yake, fundi cherehani, hakumruhusu kutoka kabla kazi za nyumbani hazijakwisha. Darasani mlikuwa na kompyuta sita na wanafunzi kumi na wanane, kwa hiyo watoto watatu walikaa katika benchi moja na kupokezana kibodi.

Kwa mwaka mzima Gabriella alikuwa wa kwanza. Mwalimu Cécile alipotaka kuwaonyesha wanafunzi ukurasa wa tovuti uliotengenezwa vizuri, aliuchagua wa Gabriella. Msichana huyo aliandika mwenyewe msimbo wote, yaani maagizo ya kompyuta, kwa lugha ya JavaScript, mstari baada ya mstari, akajivunia kwamba hakutegemea kazi ya mtu mwingine.

Kisha akaja Aicha, ambaye familia yake ilitoka Kindu, Kongo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, sawa na Gabriella, akaketishwa katika benchi lake. Aicha hakuandika kila kitu mwenyewe. Alitumia maktaba, yaani mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa na watu wengine na kutolewa bure ili yeyote autumie. Kwa msaada wa maktaba hiyo, ukurasa wake ulibadilika papo hapo. Ulipobonyeza neno "mashati", yalitokea mashati peke yake. Ulipobonyeza "mikoba", mashati yaliondoka na mikoba ikaja mahali pake. Ukurasa wa Gabriella, kwa upande wake, ulifunguka upya wote kila ulipobonyezwa, nao haukuwa na haraka.

"Gabriella," alisema Cadeau, mvulana waliyekaa naye benchi moja, "ukurasa wako ukifunguka, utuite. Sisi tunaenda kula nsima kwanza."

Darasa zima likacheka. Aicha hakucheka, na kwa sababu hiyo Gabriella alimchukia zaidi.

"Yeye anaazima akili za bantu wengine," alijibu kwa hasira. "Mi naandika yangu."

"Mama yako naye hafumi kitambaa," Cadeau akasema. "Ananunua sokoni, anashona. Si fundi?"

Gabriella akaivuta kibodi upande wake.

Mwezi wa Juni, shirika moja la Lilongwe lilitangaza kwamba lilihitaji ukurasa wa kuonyesha kazi za mafundi cherehani wa Dzaleka kwa wanunuzi wa mjini. Mwanafunzi ambaye ukurasa wake ungechaguliwa angehudhuria mafunzo ya wiki mbili mjini wakati wa likizo. Nafasi ilikuwa moja tu. Mwalimu Cécile aliwateua wanafunzi wawili: Gabriella na Aicha.

Tangu siku hiyo wivu haukumwacha Gabriella. Mwalimu alipomsifu Aicha, yeye alihisi kama kwamba amenyang'anywa kitu chake. Mwalimu aliposimama nyuma ya Aicha, yeye alihesabu dakika. Nyumbani mama yake alimwuliza kwa nini hali chakula, naye akasingizia kichwa.

Siku moja kabla ya safari ya kwenda mjini kuonyesha kurasa zao, Aicha alitoka kwenda kuswali alasiri. Gabriella alilifungua faili la mwenzake kwa siri, akaanza kutafuta kosa. Akaliona katika mstari wa nne.

Intaneti ya kambini ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo Mwalimu Cécile alikuwa ameihifadhi ile maktaba katika kompyuta yake kubwa ya mezani, nazo kompyuta nyingine za darasa ziliichukua humo kwa waya. Katika mstari wa nne Aicha alikuwa ameandika anwani ya kompyuta hiyo ya mwalimu. Hapo darasani hakukuwa na tatizo lolote. Lakini mjini, mbali na kompyuta hiyo, maktaba isingepatikana, na ukurasa ungebaki mweupe.

Aicha aliporudi, alimkuta Gabriella bado ameinamia kioo cha kompyuta.

"Vipi, dada? Umeona kosa kwangu?" aliuliza huku akitabasamu.

"Hapana," Gabriella akajibu. "Kila kitu kiko sawa."

Kesho yake asubuhi gari la shirika liliwachukua wasichana hao pamoja na mwalimu wao, wakiwa na barua zao za ruhusa ya kutoka kambini. Kazi zao zilikuwa katika flashi moja. Ofisini, katika eneo la City Centre mjini Lilongwe, walipokewa na Bwana Melchior, ambaye alikuwa ameishi Dzaleka utotoni na aliongea Kiswahili vizuri.

Gabriella alianza. Ukurasa wake ulifunguka polepole, picha moja baada ya nyingine. Bwana Melchior alisubiri kwa adabu. Kisha ukaja wa Aicha. Kioo kikawa cheupe, kikabaki cheupe.

"Tungoje kidogo," Aicha akasema kwa sauti ndogo.

Wakangoja. Mwalimu Cécile akaufungua ukurasa mara ya pili, kisha mara ya tatu.

"Samahani," Bwana Melchior akasema, "muda wetu ni mfupi. Tutauchukua huu unaofanya kazi. Tunywe chai kwanza, kisha tutaliandika jina la Gabriella."

Furaha ambayo Gabriella aliingoja kwa majuma mengi ilikuja, lakini haikudumu hata kikombe kimoja cha chai. Aicha alimjia, macho yake yamelowa, akamnyooshea mkono.

"Hongera, dada. Sasa nifundishe, maana we unajua kuliko mi. Nimekosea wapi? Jana ulisema kila kitu kiko sawa, njo maana sikuangalia tena."

Gabriella alikiweka kikombe mezani. Akaenda moja kwa moja mbele ya mwalimu na Bwana Melchior.

"Mwalimu, jina langu lisiandikwe," alisema. "Kosa la Aicha nililiona jana. Aliniuliza, nikamdanganya."

Aicha alimtazama bila kupepesa macho.

"Kosa gani?" Mwalimu Cécile akauliza.

"Anwani ya mstari wa nne inaitafuta kompyuta yako, Mwalimu. Tuipakue maktaba kwa intaneti ya hapa, tuiweke pamoja na ukurasa, kisha tubadilishe mstari huo."

Bwana Melchior alitazama saa yake. "Nawapeni dakika kumi."

"Aicha ndiye atakayeubadilisha," mwalimu akasema kwa ukali. "Wewe utamwonyesha."

Dakika saba zilitosha. Ukurasa ulifunguka mara moja. Bwana Melchior alibonyeza neno "sare", na sare za shule zikajipanga kwenye kioo, nyingine zikiwa zimeshonwa na mama yake Gabriella. Alibonyeza tena na tena, kama mtoto aliyepewa kitu kipya, kisha akaliandika jina la Aicha.

Walipokuwa wakilingoja gari nje, Gabriella alimkaribia mwenzake. "Aicha, nisamehe."

"Nimekasirika," Aicha akasema.

"Najua."

"Nitakasirika njiani mpaka mji wa Lumbadzi. Tukishapita Lumbadzi, utanifundisha kuandika bila maktaba."

Mwalimu Cécile aliwasikia, akamwita Gabriella kando.

"Mimi nami nimekosea," alisema. "Niliujaribu ukurasa darasani tu. Hilo ni kosa la uzembe, nami nitalirekebisha. Lako halikuwa la uzembe. Niambie, wale walioiandika maktaba wanamjua Aicha?"

"Hapana, Mwalimu."

"Walifanya kazi kwa miaka, kisha wakaiacha wazi ili mtoto wasiyemjua, hata wa Dzaleka, aitumie. Wewe ulikuwa na sentensi moja tu ya kumpa msichana mnayekaa naye benchi moja, ukaizuia."

Gabriella akainamisha kichwa.

"Inua uso. Kosa ambalo mimi sikuliona, wewe uliliona. Ukiisoma kazi ya mwenzako ili umsaidie, utakuwa fundi hodari, naye atakusaidia pia. Ukiisoma ili aanguke, kila atakayekuzidi atakuwa adui yako. Na watakaokuzidi, mwanangu, hawataisha maisha yako yote."