Pini Saba Ukutani

Kila Jumamosi ya majira ya baridi, Merryn Trewin aliamka kabla mama yake hajawasha redio. Alijaza chai kwenye chupa, akafunga mikate minne ya nyama ya kondoo kwa karatasi, kisha akautoa nje mkokoteni mdogo wa fimbo za gofu na kuuegesha karibu na pikapu ya baba yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku nyingine zote za juma hakuamka mpaka aitwe mara tatu.

Baba yake, Glenn, alifanya kazi kwenye maghala ya ngano hapa Yarrapin, mji wetu mdogo wa Australia. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa mtu wa vumbi na kelele za mashine. Jumamosi alikuwa mchezaji wa gofu, na usicheke. Kwetu gofu si mchezo wa matajiri. Uwanja wetu una mashimo tisa na kangaruu wengi kuliko wanachama. Kwa kuwa maji ni ya shida, shimo halizungukwi na nyasi bali na duara la mchanga uliochanganywa na oili. Kando ya kila duara pana reki ya mbao. Ukimaliza kupiga, unaivuta juu ya mchanga mpaka nyayo zako zote zifutike, ili anayekuja nyuma akute pako sawa. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza anayofundishwa mtoto wa hapa, kabla hata ya kushika fimbo.

"Rudi," Glenn alimwambia binti yake kila alipoona alama ya kisigino. "Aliye nyuma yetu amekukosea nini?"

"Baba, nyuma yetu hakuna mtu. Ni kasuku tu."

"Basi wasawazishie kasuku."

Mwaka ule walikuwa na jambo lao. Kwenye ukuta wa jikoni, karibu na jokofu, walibandika ramani ya barabara na kuichoma pini saba nyekundu. Kila pini ilikuwa mji mdogo wenye uwanja wa mchanga kama wetu, ambapo mtu yeyote anaweza kucheza kwa dola chache anazotumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la bati mlangoni. Siku saba, viwanja saba, baba na binti peke yao, likizo ya Septemba. Wangelala kwenye godoro nyuma ya pikapu. Merryn ndiye aliyekuwa katibu wa safari. Alikuwa na daftari la kijani ambamo aliandika umbali, namba za simu, na wapi pana choo.

"Naitwa Merryn, natoka Yarrapin," alisema siku moja alipopigia simu uwanja wa pini ya pili. "Tunaomba kuja kucheza kwenu Septemba, mimi na baba yangu."

"Sasa unaomba nini, mjukuu wangu?" sauti ya mzee ikamjibu. "Njooni tu. Ufunguo wa choo uko chini ya tairi. Mkimkuta nyoka shimo la nne, mpisheni. Yule ni mwanachama wa siku nyingi."

Merryn aliandika yote, pamoja na nyoka.

Mama yake, Jodie, aliyekuwa mwokaji kwenye duka la mikate, alitikisa kichwa. "Mimi msinihesabu. Sijawahi kuelewa mtu mzima anavyotembea kutwa nzima akifuata kitu alichokipiga mwenyewe."

"Ndiyo maana hujaalikwa," Glenn akasema, naye akarushiwa kitambaa cha vyombo.

Ilikuwa Juni Merryn alipoliona lile doa. Kazi yake uwanjani ilikuwa kusimama nyuma ya baba yake na kuangalia mpira unaelekea wapi. Glenn alivaa kofia ya chepeo isiyofunika shingo, kwa sababu ile pana, alisema, ilimsumbua anapopiga. Alipoinamisha kichwa juu ya mpira, ukosi wa shati ulishuka, na pale shingoni, chini ya nywele, Merryn akaona doa jeusi dogo kuliko punje ya dengu.

"Baba, una kitu cheusi shingoni."

"Kupe?"

"Si kupe. Ni doa. Halina umbo la kueleweka."

Glenn aliligusa kwa kidole. "Sikiliza, mwanangu. Usimwambie mama yako. Akijua tu, kesho niko kwa daktari, watanikata, na mtu mwenye nyuzi shingoni hachezi gofu. Tukirudi safari nitakwenda, naapa. Wewe uwe jicho langu. Likikua, uniambie. Sawa?"

"Sawa," Merryn akasema.

Shuleni walikuwa wamefundishwa mambo ya jua na saratani ya ngozi tangu darasa la kwanza. Merryn alijua kwamba doa linalobadilika halisubiri. Alijua pia kwamba Septemba haikuwa mbali. Jumamosi ya kwanza ya Julai, baba yake alipoinama, alilipima kwa macho akilinganisha na kile kitufe bapa cha plastiki wanachoweka chini kuonyesha mpira ulipokuwa. Lilikuwa nusu ya kitufe.

"Jicho langu, unasemaje?" Glenn akauliza bila kugeuka.

"Liko vilevile."

Hivyo ndivyo uongo ulivyoanza, maneno mawili tu. Julai ilipokwisha lilikuwa limekaribia kitufe kizima, na Merryn akasema tena liko vilevile. Usiku huo hakula vizuri. Alikaa mezani akizitazama pini saba ukutani, akajiambia kwamba bado wiki chache tu. Alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote duniani, na alimdanganya kwa sababu hiyo hiyo. Nawaambia wazi, ninyi mnaosoma: hakuwa mtoto mbaya.

Jumamosi ya tatu ya Agosti walifika shimo la tisa. Glenn alikuwa ameshika reki, anasawazisha mchanga, Merryn akiwa nyuma yake. Ukosi wa shati lake la kijivu ulikuwa na damu.

"Baba, unatoka damu."

Alijipapasa, akatazama vidole. "Ukosi umelikwaruza tu. Halijakua, au siyo?"

Merryn alifungua mdomo aseme yale maneno mawili. Hayakutoka. Badala yake alianza kulia.

"Limekua, Baba. Linakua tangu Julai. Nilikudanganya. Nilitaka safari."

Glenn aliiachia reki ikaanguka. Alimshika binti yake mkono, wakatembea moja kwa moja hadi kwenye pikapu. Kwa mara ya kwanza tangu Merryn ajue kutembea, waliuacha mchanga na nyayo zao juu yake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Daktari wa mji wa jirani aliwatuma kwenye hospitali ya jiji la Adelaide siku ya pili yake. Doa likakatwa. Kisha zikakatwa tezi za shingo. Kisha daktari mmoja mpole akavuta kiti na kuwaambia kwamba saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Wiki ya safari ilipofika, Merryn aliimaliza kwenye ujia wa hospitali, daftari la kijani likiwa kwenye begi lake, halijafunguliwa.

Pale kwenye ujia ndipo alipomwambia mama yake kila kitu. Jodie alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako alijua tangu lini?"

"Juni."

"Na lilianza kukua lini?"

"Julai."

Jodie aliinuka akaenda dirishani. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Nina hasira, Merryn. Nyingi ni za baba yako. Nikikwambia hakuna hata kidogo iliyo yako, nitakuwa nami nadanganya. Lakini ni kidogo, na itaisha. Wewe kuwa mwanangu hakutaisha. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama. Nimemuua Baba?"

"La. Na usilirudie neno hilo." Akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu mpaka nesi aliyekuwa akipita akageuza uso.

Glenn alirudi nyumbani amekonda. Mwezi wa Aprili, msimu wa gofu ulipofunguliwa, aliomba kitu kimoja: pini ya kwanza. Jodie aliendesha, akambebea kiti cha kukunja. Merryn alicheza peke yake mashimo tisa, na baba yake alihamishwa kwa gari kutoka shimo moja hadi jingine, amejifunika blanketi, na kofia pana kichwani.

"Mbona umepiga kama unaua nge?" alimkejeli kwenye shimo la tano. "Hebu legeza mikono."

"Ungekuwa kimya ningelegeza."

Shimo la tisa, Merryn alipokwenda kuchukua reki, Glenn akanyoosha mkono. "Nipe mimi."

Aliivuta polepole, akipumzika kila hatua mbili. Alifuta nyayo za binti yake, kisha zake mwenyewe, akirudi kinyumenyume. Alipomaliza alikuwa anatweta.

"Siku ile ya Agosti tuliondoka bila kusawazisha," alisema. "Imenikaa moyoni. Sasa nisikilize, kwa sababu sitarudia. Uongo wako ulikuwa kosa. Ulikuwa wako, na ulishausawazisha pale pale uliposema kweli huku unalia. Lakini ile siri haikuwa yako. Ilikuwa yangu. Mtu mzima hamtwishi mtoto ugonjwa wake na kumwambia asimwambie mama. Niliogopa, nikakuachia nyayo zangu. Mtu mzima yeyote akikwambia tena ufiche ugonjwa, kimbia ukaseme, hata akikununia. Hata awe mimi."

Merryn alimsaidia baba yake kurudi kwenye kiti, wakanywa chai kutoka kifuniko kimoja cha chupa.

Glenn alifariki Julai. Uwanja wetu ulifungwa siku mbili, na Bibi Pascoe, mlezi wa uwanja, akasawazisha mchanga wa mashimo yote tisa kwa mkono wake asubuhi ya mazishi. Merryn aliung'oa uso wake kutoka kwenye koti la mama yake mara moja tu, kuangalia kama jeneza limefika chini. Kwa wiki nyingi hakuingia jikoni, maana ramani ilikuwa huko. Alikula barazani, na hakuna aliyemuuliza.

Siku ya kwanza ya likizo ya Septemba aliamka akasikia vishindo nje. Mama yake alikuwa anapakia godoro kwenye pikapu. Mkokoteni wa fimbo ulikuwa tayari umefungwa kwa kamba, vibaya.

"Leta lile daftari lako," Jodie akasema. "Pini ya pili iko umbali gani?"

"Mama, hujui hata kushika fimbo."

"Nitapiga mara ishirini kila shimo. Na utaandika ishirini, sitaki kupendelewa. Zimebaki sita na tuna wiki nzima."

Merryn alisimama mlangoni bila viatu. Kisha akaingia jikoni, kwa mara ya kwanza tangu Julai, akaibandua ramani taratibu asiichane.

Alipotoka, mama yake alikuwa amekaa kwenye kibao cha nyuma cha pikapu, ameipa mgongo miti na jua, ukosi ameushusha na nywele amezishika juu kwa mikono miwili.

"Njoo nyuma yangu," alisema. "Angalia shingo yangu. Uniambie unachokiona, siyo ninachotaka kukisikia. Tutafanya hivi kila mwezi, mimi kwako na wewe kwangu. Kusema kweli mapema kunauma kidogo. Kuchelewa tumeshajua kunavyouma."

Merryn alisogea. Aliangalia kwa makini, akainua nywele za upande wa kushoto, akarudia upande wa kulia.

"Kuna kidoa kimoja," alisema. "Cha kahawia, nyuma ya sikio. Kidogo. Sijui kama ni cha zamani."

Jodie aliziachia nywele. "Basi mji wa pini ya pili una daktari. Tutaanza kwake, halafu ndiyo tucheze."

Merryn alifungua daftari la kijani. Chini ya mahali alipoandika umbali, choo na nyoka, akaandika: daktari, saa tatu asubuhi. Kisha akapanda mbele, upande uliokuwa wake siku zote, wakaondoka.