Gitaa la Babu Limeingia Chumvi

Kila siku akirudi shule, Mwanamkasi alivua sare haraka, akala haraka zaidi, kisha akaingia chumbani kwa babu yake kulitoa gitaa. Hapo ndipo haraka ilipokwisha. Alilibeba kwa mikono miwili, polepole, kwa sababu nyumba yao ilikuwa ya mawe, ya zamani, yenye kuta zilizojaa pembe, na lile gitaa lilikuwa limeshapata makovu ya kutosha.

Lilikuwa gitaa la umeme, jekundu. Wekundu wenyewe ulikuwa umebaki pembeni tu. Katikati, pale mkono wa Babu Mwinyimvua uliposugua kwa miaka arobaini, rangi ilikwisha na mbao ikawa nje. Babu alilinunua ujanani kwa ujira wa kushona kanzu za Idi. Alilipiga katika harusi za Bagamoyo, akafika nalo Fukayosi, akafika nalo hata Chalinze. Alipozeeka akaachana na harusi, akabaki na cherehani yake barazani. Ikifika alasiri huiweka kando kazi, akaunganisha waya kwenye spika ndogo, akapiga kidogo, kisha akampa mjukuu wake naye ajifunze. Mwanamkasi alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa kurekebisha nyuzi za gitaa kwa sikio tu, hakuna aliyemfikia pale mtaani.

Basi mwaka ule likazuka jambo. Babu alianza kulalamika kwamba uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, umekufa.

"Haulii huu," akasema, akiupiga kwa kidole. "Chumvi imeingia."

Mtu wa Bagamoyo akisema hivyo hubishani naye. Upepo wa bahari pale unakula mabati, unakula misumari, unakula minyororo ya baiskeli na makomeo ya milango. Babu aliamua kwamba chumvi imekaa kwenye sumaku zilizo chini ya nyuzi, zile zinazonasa sauti. Akaagiza nyuzi mpya Kariakoo. Wapi! Akalipeleka gitaa kwa Msabaha, fundi wa redio. Msabaha akalifungua, akalipangusa, akalijaribu, akasema, "Mzee, mbona zima hili?" Babu akarudi nyumbani amenuna, akasema mafundi wa siku hizi wamepewa masikio ya bure. Mwadhini alipoadhini, akadai hata spika ya msikiti nayo imeingia chumvi.

Mwanamkasi hakuwa mtoto mwongo, tuseme hivyo mapema. Lakini siku Babu alipomuuliza, "Wewe unausikia vipi uzi huu?" uzi ulikuwa unalia vizuri mno, mpaka kuku wa jirani aligeuza shingo. Mwanamkasi akamtazama babu yake usoni. Aliona macho ya mtu anayeomba asiambiwe jambo baya.

"Umefifia kidogo, Babu," akasema.

Babu akashusha pumzi. "Ehe! Umeona? Si mimi peke yangu."

Na kwa sababu alimjibu hivyo siku ya kwanza, ilimbidi amjibu hivyo siku ya pili, na wiki iliyofuata, mpaka likawa jambo linalojulikana pale nyumbani: gitaa limeingia chumvi.

Alhamisi moja Babu hakuunganisha waya. Alikaa na gitaa mapajani, akawa analipapasa tu.

"Naliuza," akasema. "Bora liende sasa, lingali na nyuzi tano zenye uhai. Siwezi kulitazama likifa mkononi mwangu."

Mwanamkasi akamsogelea. "Babu, lakini wewe unalipenda."

"Ndiyo maana naliuza," Babu akajibu, akageuza uso.

Kumbe alikuwa ameshapeleka habari, na mnunuzi alikuja siku ileile. Alikuwa kijana wa Kerege, jina lake Najim, mwenye kikundi kidogo cha kupiga muziki harusini.

"Hodi! Assalaam alaykum. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wa alaykum salaam. Karibu, kaa." Kisha Babu, kabla hata kijana hajashika gitaa, akasema, "Nikueleze kwanza aibu ya mali yangu, usije ukasema mzee wa watu alikudanganya. Uzi wa kwanza haulii. Chumvi imekula ndani. Ndiyo maana bei yangu ni ya kutupa. Kama huniamini, muulize mjukuu wangu huyu. Masikio yake ni ya paka, naye anajua."

Mwanamkasi alitamani ardhi ipasuke. Ule uongo wake mdogo, alioutoa kwa huruma, sasa umekuwa shahidi wa babu yake.

Najim akaunganisha waya, akapiga. Akaupiga uzi wa kwanza, akaupiga tena. Sauti ilitoka safi, nyembamba, ikajaa baraza nzima. Najim akainua macho kwa mshangao, akamtazama mzee, akamtazama msichana. Akafungua mdomo, kisha akaufunga.

"Ni kweli, mzee," akasema taratibu. "Umekufa kidogo. Lakini nitalichukua hivyohivyo. Jumamosi alasiri nakuja na fedha."

Alipoondoka, Mwanamkasi alikimbilia jikoni. Bibi Mize alikuwa anakuna nazi.

"Bibi, gitaa ni zima! Babu hasikii, na yule kaka anajua, na analichukua kwa bei ya bure!"

Bibi aliacha kukuna. "Najua, mwanangu. Mimi nalala naye chumba kimoja, nitakosaje kujua? Redio namfungulia mpaka majirani wanalalamika. Nikimwita, namwita mara nne."

"Sasa mbona humwambii?"

"Nianzie wapi? Mwanamume aliyeishi kwa masikio yake, nimwambie masikio yamekwisha? Nilisema nitamwambia mwezi wa Shaabani, nikaona Ramadhani ipite. Ramadhani ikapita." Bibi akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akasingizia moshi, ingawa jiko lilikuwa halijawashwa. "Namwonea huruma, Mwanamkasi. Basi."

Ijumaa nzima Mwanamkasi hakuwa na raha. Mwalimu alimwita mara mbili darasani asiitike. Akisema kweli, atamvunja moyo babu yake, tena atajifichua kwamba amemdanganya miezi mizima. Akinyamaza, gitaa linakwenda Kerege na Babu atabaki na cherehani. Alijaribu kuona lipi jepesi, akakosa. Yote mawili yalikuwa mazito.

Jumamosi Najim akaja, na mkoba mpya wa kubebea gitaa begani. Babu alikuwa amelipangusa kwa kitambaa cha hariri kilichobaki kwenye ushonaji, na aliponyoosha mkono kulitoa, hakulitazama.

"Lichukue, kijana. Lifiche na upepo."

"Babu, ngoja!" Mwanamkasi akasema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nilikudanganya."

Babu akamgeukia.

"Nilikwambia uzi umefifia. Haukufifia hata siku moja. Unalia vizuri, Babu. Hakuna chumvi. Niliona utaumia nikisema, nikasema uongo. Nisamehe."

Babu aliweka gitaa mapajani. Uso wake uliiva. "Unasema mimi kiziwi? Mbele ya mgeni?"

"Sisemi hivyo, Babu."

"Unasema nini basi?"

Mwanamkasi machozi yalikuwa yanamtoka, lakini akapiga magoti mbele ya babu yake, akaishika shingo ya gitaa. "Umeme ukikatika, spika haifanyi kazi, na gitaa la umeme peke yake halina sauti. Mimi huwa naweka kidevu changu hapa, kwenye mbao, ndipo narekebisha nyuzi. Sauti inapita kwenye mfupa, inaingia ndani ya kichwa. Jaribu, Babu. Mara moja tu. Usiposikia, liende."

Babu alitaka kukataa. Lakini alimwona mjukuu wake anavyolia, na hasira ikapungua nguvu. Akainamisha kichwa, akaweka taya lake pale kwenye mbao iliyochubuka. Mwanamkasi akaupiga uzi wa kwanza.

Babu hakusogea.

"Rudia," akasema.

Akarudia.

"Rudia tena."

Safari ya tatu Babu alikuwa amefumba macho, na chozi lilikuwa limeteremka mpaka kwenye ndevu. "Loo," akasema kwa sauti ndogo. "Upo. Wallahi upo. Ulikuwepo siku zote." Akanyanyua taya, akaupiga mwenyewe, asisikie kitu, akaweka taya, akaupiga, akasikia. Alifanya hivyo mara nyingi sana, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Ndipo Najim akaanza kujikuna shingo. "Mzee," akasema, "na mimi niseme. Nililisikia tangu juzi. Gitaa lako zima, na zuri kuliko lolote nililowahi kushika. Nilinyamaza kwa tamaa. Wewe ulinieleza aibu ya mali yako kabla sijauliza, na mimi nikaficha uzuri wake. Nimeshindwa kulala kwa hilo. Naomba radhi."

Bibi Mize, ambaye alikuwa nyuma ya mlango muda wote akisikiliza, akatoka na birika. "Umekosa, umesema, yaishe. Kaa unywe chai. Na wewe mume wangu, Jumatatu tunakwenda hospitali, na leo usinijibu kwamba huna nafasi."

Babu hakujibu hivyo. Alikuwa amelaza tena taya kwenye gitaa.

Hospitalini, Daktari Adila alimulika sikio la kulia, akamulika la kushoto, akacheka kidogo kwa upole. "Mzee wangu, masikio haya unayasafisha na nini?"

"Njiti ya kiberiti yenye pamba," Babu akasema kwa fahari. "Na mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Kila Ijumaa. Mimi mtu msafi."

"Ndiyo balaa lenyewe. Nta ya sikio hutoka yenyewe. Wewe umekuwa ukiisukuma ndani na kuishindilia miaka yote, mpaka imekuwa ukuta, na mapamba yamo humohumo." Akamgeukia Mwanamkasi. "Na wewe usikie. Si njiti, si kalamu, si kiberiti, si kitu chochote ndani ya sikio. Sikio likiziba au likiuma, njoo hospitali."

Akampa Babu dawa ya matone ya kulainisha, atumie siku tano, kisha arudi asafishwe. Akamwambia pia ukweli mwingine bila kuzunguka: umri nao umechukua sehemu yake, na sauti nyembamba kabisa huenda zisirudi zote.

"Nitakazopata zinanitosha," Babu akasema.

Jumamosi iliyofuata walirudi, akasafishwa. Walipotoka nje ya mlango wa hospitali Babu alisimama ghafla, akamshika Bibi mkono. "Viatu vyako vinapiga kelele hivi siku zote?" Bibi akacheka mpaka ikabidi akae kwenye benchi.

Alasiri hiyo hakukuwa na kushona. Babu aliunganisha waya, akaupiga uzi wa kwanza, akainamisha kichwa upande mmoja. "Haujarudi wote," akasema. "Lakini umerudi." Akapiga kwa muda, kisha kwa desturi yake akampa mjukuu wake.

Mwanamkasi akapiga mdundo mmoja wa harusi, wa polepole. Alipofika mwisho hakuukata, akauzungusha juu kwenye zile nyuzi nyembamba, ukapanda, ukashuka, ukatulia. Alipoinua macho, Babu alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama.

"Huo mwisho nani kakufundisha?"

"Hakuna, Babu. Mwanzo ni wako. Mwisho nimeutunga mwenyewe."

"Lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani. Ninakupigia kila siku."

"Mbele yangu?"

"Hapohapo ulipokaa. Nikimaliza unaniambia, 'Vizuri.'"

Babu aliinamisha uso. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imelainika.

"Pale mwisho nilikuwa nasikia makwaruzo tu, mwanangu. Nikasema 'vizuri' nisikuvunje moyo. Wewe ukasema uzi umefifia, usinivunje moyo. Bibi yako akanyamaza, naye hakutaka kunivunja moyo. Na mimi mwenyewe nilianza kuhisi masikio yangu kitambo. Nikaona haya, nikasingizia chumvi. Tazama tulivyopendana vibaya! Nusura niuze kitu ninachokipenda, tena kumbe cha maana zaidi kilikuwa kinanipita kila alasiri, hatua mbili kutoka nilipokaa." Akamshika mkono. "Sikiliza. Ukimpenda mtu, mwambie kweli. Mwambie kwa adabu, umpigie magoti kama ulivyonipigia, lakini mwambie, tena mapema. Na mwili ukiwa na kasoro hauonewi haya, unapelekwa hospitali. Wewe ulikosea, lakini wewe ndiye uliyekuwa na ujasiri wa kwanza kusema. Mimi mtu mzima sikuwa nao."

"Ndiyo, Babu," Mwanamkasi akasema, huku anajifuta macho kwa mkono wa gauni. "Kwa hiyo huliuzi?"

"Niliuze wakati mpigaji wake ndiyo kwanza nimempata?" Babu akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. "Haya, anza tena, tangu mwanzo. Usiharakishe. Leo ndiyo siku yangu ya kwanza kukusikia."