Gundi Kwenye Mguu wa Soli

Haya, sogeeni niwategee. Nina nyumba ambayo mlango wake ni mdogo, hata sindano ya viatu inapita kwa kujibana, lakini wezi waliojaa ndani hawana hesabu, na mwenye nyumba bado anausifu mlango. Nyumba gani hiyo? Wewe unasema mzinga wa nyuki. Mwenzako anasema kichuguu. Mmekosa nyote, nipeni mji! Nyumba hiyo ni kidonda. Na wezi wake niliwaona kwa macho yangu, katika mguu wa mjukuu wangu. Nikikumbuka, damu inanichemka hadi leo.

Mjukuu wangu huyo tulimwita Soli, kwa sababu tangu alipoanza kutambaa kazi yake ilikuwa kuokota soli za viatu na kuzitafuna. Baba yake, ambaye ni mwanangu, ni fundi viatu, na kibanda chake kiko mbele ya nyumba yetu. Kila Jumamosi, Soli akimaliza kufua sare yake, alivaa aproni ya baba yake iliyomfika vifundoni, akaketi kwenye kigoda, akaanza kutia nta kwenye uzi. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mkono mwepesi. Alitaka kuwa fundi, na kila mteja aliambiwa hivyo, apende asipende.

Jumamosi moja alikuwa akikata mpira wa soli. Kisu kikateleza, ncha ikamchoma chini ya goti. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya mahindi. Sasa, mafundi viatu wana mtindo wao. Fundi akijikata hatafuti maji wala sabuni. Anachovya kidole katika kopo la gundi, anapaka juu ya jeraha, anapuliza, kazi inaendelea. Mwanangu alifundishwa hivyo na fundi wake. Basi akampaka binti yake gundi ileile, kutoka kopo ambalo vumbi la viatu vya mtaa mzima limekwisha kuingia.

"Umeshazibwa," akamwambia. "Hata mvua haipenyi."

Wateja wakacheka. Soli naye akacheka.

Jumatatu, shuleni, hakucheka. Alishindwa kusimama mstarini. Rafiki yake, mtoto wa jirani tuliyemwita Kasuku kwa wingi wa maneno, akainama kuutazama mguu.

"Hiki ndicho kinakuliza? Inzi akitua hapa, miguu yake yote itabaki nje!"

"Kinauma, Kasuku. Kinauma mpaka kwenye mfupa."

"Basi mwambie bibi yako."

"Usimwambie wewe!" Soli akamkemea. "Ukimwambia, mimi na wewe basi."

Lakini Kasuku ni Kasuku. Mchana alinijia mbio nilipokuwa naanika nguo, akanitapikia habari yote kabla hata ya kusalimu. Nikaingia chumbani. Soli alikuwa amerudi kutoka shule bila kunipitia, amejifunika blanketi, na jua la siku ile lilikuwa kali kupita kiasi. Meno yalikuwa yakigongana. Nikafunua blanketi.

Lo! Mguu ulikuwa umevimba, ngozi imekaza na kung'aa kama kiatu kilichotoka kupigwa rangi. Wekundu ulikuwa umeshuka hadi katikati ya muundi, na mahali pamoja palianza kugeuka rangi ya bilinganya. Nilimgusa mbali na lile tundu, mahali ambapo kwa macho palionekana pazima kabisa. Akapiga yowe.

"Mbona ulinificha, mjukuu wangu?"

Akageuzia uso ukutani.

Nikatoka kama moto wa makaratasi. "Funga kibanda!" nikamwambia mwanangu.

"Mama, nina viatu vya watu hapa."

"Na mimi nina mtoto wako mle ndani! Funga, au nikifunge mimi na wewe ukiwa ndani yake!"

Mama yake Soli alikuwa amesafiri kumwuguza dada yake, kwa hiyo tulimbeba sisi wawili hadi hospitali. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke mfupi, asiyepoteza neno. Aliibandua ile gundi kwa kibano. Chini yake hakukuwa na usaha tuliouzoea. Yalitoka maji ya kijivu yenye harufu mbaya. Akachukua kalamu, akachora mstari kwenye ngozi, pale pale wekundu ulipoishia.

"Kilianza nini, maumivu au uvimbe?" akamwuliza Soli.

"Maumivu."

"Yalikuwa makali?"

"Sana."

"Ulimwambia mtu?"

Soli alimtazama baba yake, kisha akatazama dari. Daktari naye akamgeukia baba. Mwanangu alikuwa akibandua magamba ya gundi vidoleni mwake, kama mtu aliyeitwa hospitali kwa kazi hiyo.

Walimpima damu, wakamtundikia dripu yenye dawa ya kuua vijidudu. Daktari aliporudi baada ya muda mfupi, wekundu ulikuwa umeuvuka mstari. Hapo nilimwona akibadilika uso.

"Baba, Bibi, nisikilizeni," alisema. "Kidonda ni kidogo lakini maumivu ni makubwa. Tofauti hiyo ndiyo iliyonishtua. Vijidudu viliingia kwa hilo tundu, na sasa vinasambaa chini ya ngozi na kuua nyama. Juu panaonekana afadhali, chini panaoza. Dawa peke yake haitafika kwenye nyama iliyokufa, kwa sababu damu haifiki huko. Lazima tupasue sasa hivi na kuiondoa. Tukichelewa atapoteza mguu, na huenda asiishi."

"Kumpasua mtoto kwa kitundu kile?" mwanangu akaruka. "Mchomeni sindano, twende zetu. Kesho tutaona."

Nikamgeukia. "Utaona nini kesho? Kiatu cha mtu baki ukikishuku kimeoza ndani, unakifumua mpaka uzi wa mwisho! Humpakii mteja rangi juu ukamwambia njoo kesho! Mwanao ndiye wa kupakwa rangi juu? Mguu huu una thamani ndogo kuliko kiatu?"

Watu wote kwenye benchi waligeuka. Na wageuke. Mwanangu alimtazama Soli aliyekuwa akitetemeka juu ya kitanda, midomo imemkauka. Mabega yakamshuka. "Mpasueni, daktari," akasema.

Wakamwingiza chumba cha upasuaji. Wakakata nyama yote iliyokufa, wakasafisha, wakaliacha jeraha wazi na kulifunika kwa kitambaa safi. Siku iliyofuata wakamrudisha tena, wakaangalia kama wezi wamebaki, wakaondoa waliobaki. Niliwauliza kwa nini wasishone. Wakaniambia kushona mapema ni kuwafungia mlango wezi wakiwa ndani. Homa ilishuka polepole. Ngozi ya pajani ikachukuliwa kuziba pale palipokuwa na shimo. Mguu ukabaki wake, una kovu refu lenye mikunjo, lakini ni mguu.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliketi ukingoni mwa kitanda. Kasuku alikuwapo, kwa mara ya kwanza kimya.

"Wewe umemwokoa mwenzako kwa mdomo wako," daktari akamwambia. "Na wewe, Soli, ukiumia, osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, funika kwa kitambaa safi. Gundi ni ya viatu. Kidonda kikiuma kuliko kinavyoonekana, au wekundu ukitembea, au homa ikipanda, njoo hospitali siku hiyohiyo. Na usikubali kunyamaza. Mtu mmoja asipokusikia, mwambie wa pili, mwambie wa tatu. Maumivu yako unayajua wewe."

Soli aliitikia kwa kichwa, macho chini.

Mwanangu alikuwa amepiga magoti, anamvalisha kiatu. Akaacha kamba bila kuifunga.

"Daktari," alisema, "siku ile ulimwuliza kama alimwambia mtu." Akainua uso. "Aliniambia mimi. Jumapili jioni, analia. Nikamwambia anayelia kwa tundu kama lile hawezi kuwa fundi, na akilia tena, asikanyage kibandani mwangu."